Neno la mtoto mbele ya waamuzi: maelekezo ya California, ya England na ya mahakama zetu

Chukulia mtoto wa kike wa miaka 9, tumwite Neema. Mjomba wake alihamia nyumbani kwao akakaa humo miezi minane, na katika miezi hiyo, kwa maelezo ya mtoto, alimbaka si mara moja. Neema hakumwambia mtu. Muda mrefu baada ya mjomba kuhama, alimwambia mwalimu wake wa darasa, na alipoulizwa ilikuwa lini alijibu tu kwamba ilikuwa siku ambazo mama alikwenda zamu ya usiku. Fomu ya daktari haionyeshi jeraha lolote. Hakuna aliyeshuhudia. Siku anaposimama kutoa ushahidi ametimiza miaka 10, na mjomba anakana kila kitu.

Neema ni wa kutunga, lakini yeyote aliyekaa katika mahakama zetu za wilaya anamjua. Nimemtunga ili nimpitishe katika vyumba vitatu vya mahakama, cha California, cha England na Wales, na cha kwetu Tanzania na Kenya, nikiuliza swali moja tu: mtu anayeamua ukweli wa kesi hii anaambiwa nini kabla ya kuamua, na anaambiwa kwa maneno gani? Nauliza kwa sababu ya kazi. Wakufunzi wa mahakimu, waendesha mashtaka, mawakili wa utetezi na wasaidizi wa kisheria wanaoandika miongozo kuhusu mashauri ya watoto huazima sana kutoka nje, na mara nyingi huazima kilicho karibu na mkono bila kukilinganisha na kingine. Ulinganisho huu ni wao kwanza. Ni pia wa jamaa zetu walio ughaibuni ambao siku moja watafungua barua na kukuta wameitwa kwenye juri, yaani jopo la watu wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia.

Anayeamua, na karatasi aliyo nayo

California humweka mjomba mbele ya juri ya raia 12, wote wakiwa raia wa Marekani wanaoelewa Kiingereza vya kutosha. Jaji huwasomea maelekezo sanifu yanayojulikana kama CALCRIM, ambayo Baraza la Mahakama la jimbo hilo liliyapitisha mwaka 2005 na kuyaanzisha tarehe 1 Januari 2006. Yalichukua nafasi ya mkusanyiko wa zamani ulioitwa CALJIC, uliokuwa umejaa lugha ya mawakili, na nia ilikuwa kwamba fundi bomba, mwalimu na muuza duka waelewe wanachosikia bila kuhitaji tafsiri ya mwanasheria. Kila elekezo lina namba, kila namba ina maneno yaliyokwisha kupimwa, na jaji huchagua yanayoihusu kesi. Nakala huingia pamoja na wanajuri katika chumba cha majadiliano.

England na Wales nako kuna juri ya watu 12, wenye umri wa miaka 18 hadi 75. Hapa liko jambo ambalo wengi wetu hatulijui: sharti si kuwa raia wa Uingereza, bali kuwamo katika daftari la wapigakura na kuwa mkazi wa nchi hiyo kwa miaka mitano au zaidi tangu umri wa miaka 13. Kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali huandikishwa kupiga kura, Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Reading au Leicester anaweza kuitwa kumhukumu mjomba wa Neema. Majaji wa huko hutumia Crown Court Compendium, kitabu cha mwongozo kinachotolewa na Chuo cha Mahakama tangu mwaka 2016. Kitabu hicho hakisomwi neno kwa neno. Kinaeleza sheria, kinatoa mifano, kisha kinamtaka jaji aandike maelekezo yake mwenyewe yanayoikaa kesi iliyo mbele yake, awaonyeshe mawakili wa pande zote kabla ya kuyatoa, na mara nyingi awape wanajuri karatasi ya maswali yanayofuatana, ambayo wakiyajibu moja baada ya jingine wanafika kwenye uamuzi.

Kwetu hakuna juri. Kenya ya kikoloni ilikuwa nayo, lakini kwa washtakiwa Wazungu tu. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga. Kenya iliwaondoa wazee hao mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2022 iliwafanya kuwa wa hiari kwa mashauri ya Mahakama Kuu. Kesi ya Neema isingefika kwao hata zamani, kwa kuwa mashauri ya ubakaji huanzia kwa hakimu anayekaa peke yake. Yeye ndiye anayetoa maelekezo, na yeye ndiye anayeyapokea. Anajionya mwenyewe, kisha anaandika katika hukumu kwamba amejionya.

Tofauti hii isitufanye tudhani kwamba maelekezo ni jambo la wenye juri peke yao. Mwanajuri wa Los Angeles haandiki sababu yoyote. Hurudi na neno moja, ana hatia au hana. Hakimu wa Mtwara au wa Kilifi lazima aandike sababu, na sababu hizo husomwa na mahakama ya juu. Kwa maana hiyo maelekezo ya hakimu yako wazi zaidi kuliko ya juri, ila tu hakuna anayemwandalia.

Onyo lililozaliwa karne ya 17

Vyumba vyote vitatu vina babu mmoja. Sir Matthew Hale, jaji wa England wa karne ya 17, aliandika kwamba tuhuma ya ubakaji ni rahisi kutolewa na ni ngumu kwa mshtakiwa kujitetea dhidi yake hata akiwa hana hatia. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1736, muda mrefu baada ya kifo chake, na maneno hayo yakageuka onyo ambalo majaji waliwasomea wanajuri kwa vizazi. Pembeni yake kulikuwa na onyo jingine kuhusu watoto, kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto lisiloungwa mkono na ushahidi mwingine. Ukoloni uliyaleta yote mawili Afrika Mashariki, nasi tukayafuata kana kwamba ni ya kwetu.

California ililizika onyo la Hale mwaka 1975, Mahakama ya Juu ya jimbo iliposema kwamba halina msingi na halipaswi kusomwa tena. England iliondoa ulazima wa onyo kuhusu watoto kwa sheria ya mwaka 1988, na ule wa walalamikaji wa makosa ya kingono kwa sheria ya mwaka 1994. Tanzania ilifika hapo kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Nchini Kenya, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2003 kwamba kudai ushahidi wa kuunga mkono kwa wanawake na wasichana wanaolalamikia makosa haya ni ubaguzi, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ikaimarisha msimamo huo.

Kwa hiyo kwenye vitabu onyo limekufa. Vichwani halijafa, na hapo ndipo ulinganisho wa kweli unapoanzia. Mwanajuri hajasoma sheria ya mwaka 1994. Hakimu aliyeisoma alilelewa katika jamii ileile inayosema mtoto hutumwa, mtoto hufundishwa, mtoto huota. Maelekezo mazuri, kwa maoni yangu, ni yale yanayoziba njia ambazo onyo hilo hurudi kimyakimya, bila kumnyima mjomba haki yake ya kuhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Neno la mtoto likiwa peke yake

California hutumia maelekezo mawili yanayosomwa pamoja. Namba 301 inasema ushahidi wa shahidi mmoja unatosha kuthibitisha jambo lolote, lakini wanajuri waupime kwa makini kabla ya kuamua hivyo. Namba 1190 inaongeza kwamba mtu anaweza kutiwa hatiani kwa kosa la kingono kwa maneno ya mlalamikaji peke yake. Mawakili wa utetezi walipinga kwamba kuyasoma yote mawili kunampa mlalamikaji uzito wa ziada. Mahakama ya Juu ya California ilikataa hoja hiyo mwaka 1992, ikisema moja linaeleza jinsi ya kupima ushahidi na jingine linaeleza kwamba sheria haidai zaidi.

Kwa kuwa Neema ana miaka 10, namba 330 nayo inaingia, kwa maana inahusu shahidi wa miaka 10 au chini ya hapo. Hili ndilo elekezo ninalolipenda kuliko yote ya California. Linawataka wanajuri waangalie umri wa mtoto na kiwango cha ukuaji wa akili yake, na linawatajia uwezo wa aina nne wa kupima: kuona na kuhisi kinachotokea, kukielewa, kukikumbuka, na kukieleza. Kisha linasema kwamba mtoto na mtu mzima wanaweza kutenda tofauti wakitoa ushahidi, na tofauti hiyo haimfanyi mmoja kuwa mkweli zaidi au kidogo kuliko mwenzake. Linafunga kwa kuwakataza kuupuuza ushahidi kwa sababu tu anayeutoa ni mtoto. Udhaifu wake ni mmoja, kwamba sheria humlazimu jaji kulisoma pale tu upande mmoja unapoomba. Mwendesha mashtaka akisahau, Neema anakosa.

England ina njia nyingine. Mahakama ya Rufani ya huko ilieleza mwaka 1995 kwamba jaji hatakiwi kuwaonya wanajuri kwa sababu tu shahidi ni mtoto au ni mlalamikaji wa kosa la kingono. Onyo litolewe pale tu ushahidi wenyewe unapoonyesha sababu ya kumtilia shaka shahidi huyo, na wakili kudokeza tu katika maswali yake hakutoshi. Mwaka 2010 mahakama hiyohiyo, katika rufaa iliyohusu shahidi aliyekuwa na umri wa miaka minne alipohojiwa mahakamani, ilisema kila mtoto apimwe kama yeye alivyo, bila dhana kwamba watoto hawaaminiki. Neema angetoa ushahidi bila kiapo kwa kuwa hajafikia miaka 14. Maelezo yake ya kwanza yangerekodiwa kwa video na mhojaji aliyefunzwa, na huenda hata maswali ya wakili wa mjomba yangerekodiwa mapema, kabla ya siku ya kesi. Jaji angelazimika kuwaambia wanajuri kwamba utaratibu huo si alama mbaya dhidi ya mshtakiwa, na hiyo ni haki ya mjomba isiyopaswa kusahaulika.

Kwetu njia hupita katika kifungu kimoja katika kila nchi. Kenya ni kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, na Tanzania ni kile kilichojulikana kwa miaka mingi kuwa kifungu cha 127. Vyote vinasema, kwa maneno yanayokaribiana, kwamba katika kosa la kingono ambalo ushahidi pekee ni wa mwathirika, mahakama inaweza kumtia mshtakiwa hatiani ikiwa, kwa sababu itakazoziandika, imeridhika kwamba mwathirika anasema kweli. Tanzania iliongeza jambo mwaka 2016: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika rufaa namba 168 ya mwaka 2018 iliyosikilizwa Bukoba, Mahakama ya Rufani iliwaeleza mahakimu maswali mepesi ya kumfikisha mtoto kwenye ahadi hiyo: umri wake, dini yake na kama anaelewa kiapo ni nini, na kama anaahidi kusema kweli. Zimekuwapo rufaa zilizoshinda kwa sababu tu hakimu hakuiandika ahadi hiyo katika mwenendo wa shauri. Inaumiza kuona kesi ya mtoto ikianguka kwa sentensi moja ambayo ingechukua nusu dakika kuandikwa.

Nataka kukaa kidogo juu ya yale maneno "kwa sababu itakazoziandika", kwa kuwa ndiyo mali yetu kubwa na ndiyo tunayoichezea zaidi. Hakimu akiandika kwamba "nimemtazama mtoto akijibu kwa ujasiri na bila kubabaika, hivyo ninaamini anasema kweli", ametimiza umbo la sheria na kuacha roho yake. Ujasiri si ukweli. Mtoto aliyefundishwa anaweza kujibu kwa ujasiri, na mtoto aliyeumizwa kweli anaweza kutazama chini, kucheka mahali pasipo pa kucheka, au kunyamaza kwa dakika tano. Mwongozo wa England unalikemea hilo waziwazi, kwa kuwataka wanajuri wasidhani kwamba kulia ni dalili ya ukweli au kwamba utulivu ni dalili ya uongo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo ilisema mwaka 2006 kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe, lakini baadaye, ilipoona kanuni hiyo inanukuliwa kama ngao, ikaonya kwamba haikukusudia maneno ya mwathirika yachukuliwe kama msahafu, lazima yapimwe. Kupima ndiko kunakohitaji mafunzo.

Anayechagua cha kuazima kuhusu suala hili namshauri achukue zile aina nne za uwezo za namba 330 na kuzifanya vichwa vya sababu za hakimu. Neema aliweza kuona nini pale alipokuwa? Alikielewaje kwa akili ya miaka 9? Anakumbuka nini, na kumbukumbu hiyo imeshikamana na nini? Anakieleza kwa maneno ya nani, yake au ya mtu mzima? Hukumu inayojibu maswali hayo ina sababu kweli, iwe imemwamini mtoto au haikumwamini.

Kimya cha mwaka mzima

Wakili wa mjomba atauliza swali lilelile katika vyumba vyote vitatu: kama ni kweli, mbona hakusema?

California humruhusu mwendesha mashtaka kumwita mtaalamu aeleze jinsi watoto wanaodhulumiwa wanavyoweza kuficha, kuchelewa kusema, kusema nusu, hata kukana walichokwisha kusema. Msingi wake ni makala ya mwaka 1983 ya daktari wa akili Roland Summit. Elekezo namba 1193 huwawekea wanajuri mpaka: maelezo ya mtaalamu si ushahidi kwamba mshtakiwa alitenda kosa, na yatumike tu kupima kama mwenendo wa mtoto unapingana au haupingani na wa mtoto aliyedhulumiwa. Mpaka huo ni mzuri kwenye karatasi, lakini ni mwembamba. Mtu wa kawaida akimsikia daktari akieleza tabia za watoto waliodhulumiwa, kisha akaziona tabia hizo kwa Neema, atakataa kwa shida kuunganisha mawili hayo. Hata ndani ya Marekani majimbo hayakubaliani: mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilisema nadharia hiyo kwa ujumla wake haina uthibitisho wa kutosha wa kisayansi, ikaacha mlango kwa suala la kuchelewa kusema tu.

England kwa kawaida hufanya kazi hiyo bila mtaalamu. Jaji mwenyewe huwaambia wanajuri kwamba uzoefu wa mahakama umeonyesha kuwa watoto huchelewa kusema kwa sababu nyingi: hofu, aibu, kumpenda mtendaji, kutojua kwamba kilichotendeka ni kosa, au kudhani hawataaminiwa. Kuchelewa hakuthibitishi uongo, na vilevile hakuthibitishi ukweli. Wanajuri waulize ni kwa nini mtoto huyu alichelewa. Palipopita muda mrefu jaji huongeza upande wa pili wa mizani, kwamba kuchelewa huko huenda kumemnyima mshtakiwa mashahidi au kumbukumbu ambazo zingemsaidia.

Hapa sina mashaka juu ya lililo bora kwetu. Kuleta mtaalamu wa saikolojia katika mahakama ya wilaya iliyo kilomita mia mbili kutoka mjini ni ndoto, na hata pale anapopatikana, hatari niliyoitaja ingali palepale. Aya mbili za namna ya England, zilizoandikwa kwa Kiswahili safi na zenye pande zote mbili za mizani, zinamfaa hakimu wetu zaidi. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mama yake Neema na mjomba wake wote wawili wangezielewa zikisomwa.

Tarehe ambazo mtoto hazijui

Neema anakumbuka zamu za mama yake tu, kalenda haikumbuki. California imelifikiria tatizo hili kuliko wengine wote. Mwaka 1989 bunge lake lilitunga kosa la kumdhulumu mtoto kingono kwa mfululizo: mtendaji awe aliishi na mtoto au alimfikia mara kwa mara, vitendo viwe vitatu au zaidi, na kati ya cha kwanza na cha mwisho ipite miezi mitatu au zaidi. Elekezo namba 1120 huwaambia wanajuri kwamba wote 12 wakubaliane kuwa vitendo vitatu vilitendeka, ila si lazima wakubaliane ni vipi. Pale mashtaka yanapowekwa moja moja, namba 3501 hutumika, nayo ilitokana na uamuzi wa mwaka 1990 uliosema mtoto anatosha akieleza aina ya kitendo, mara ngapi takribani, na kipindi chenyewe. Wanajuri wote wakubaliane juu ya tukio fulani, au wote wakubaliane kwamba yote aliyoyaeleza mtoto yalitendeka. Uamuzi wa California lazima uwe wa wote 12. England hutafuta kwanza kauli ya wote, na baada ya saa mbili na zaidi jaji anaweza kukubali kauli ya 11 kwa 1 au 10 kwa 2. Kuhusu tarehe, waendesha mashtaka wa huko huweza kuandika shtaka moja lenye matukio mengi ya aina moja.

Hati zetu za mashtaka huandika "kwa tarehe tofauti tofauti kati ya mwezi fulani na mwezi fulani", na hilo linafaa. Tatizo huja pale polisi anapoandika tarehe moja mahususi ambayo mtoto hakuitaja, kisha ushahidi ukaja na jambo jingine, na hakuna aliyeomba hati irekebishwe. Hili halitibiwi na maelekezo ya kuazima. Hutibiwa na mwendesha mashtaka anayesoma jalada kabla ya siku ya kesi.

Umri, na adhabu anayoijua hakimu

Umri ni kiini cha kosa kila mahali, na ridhaa ya mtoto wa miaka 9 haina maana yoyote katika chumba chochote kati ya hivi. California kizingiti cha makosa haya ni chini ya miaka 14, na maelekezo huwaambia wanajuri hata kwamba mtu huongeza mwaka mara dakika ya kwanza ya siku yake ya kuzaliwa inapoanza. England kizingiti ni chini ya 13, na chini ya hapo mshtakiwa hasikilizwi akisema alidhani mtoto ni mkubwa. Tanzania na Kenya huthibitisha umri kwa cheti cha kuzaliwa, kwa daktari, kwa mzazi au kwa mtoto mwenyewe, na kesi nyingi huanguka kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo shahidi akiwa kizimbani.

Lakini iko tofauti moja kubwa ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Wanajuri wa California huambiwa, katika elekezo namba 3550, wafikie uamuzi bila kufikiria adhabu hata kidogo. Hakimu wetu hawezi kuambiwa hivyo, kwa kuwa adhabu anaijua. Tanzania, kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kenya, kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo ni kifungo cha maisha. Mtu anayejua kwamba kalamu yake itamfunga mwenzake mpaka afe anaweza, bila kukusudia, kudai ushahidi zaidi ya ule sheria inaodai, na hapo onyo la Hale linakuwa limerudi kwa mlango wa nyuma. Mwongozo wowote wa mahakimu ulitaje jambo hili kwa jina, na umtake hakimu aandike uamuzi wake juu ya ukweli kwanza, kabla ya kugusa kifungu cha adhabu.

Shaka na hakika

California huwaeleza wanajuri kwamba uthibitisho unaohitajika ni ule unaowaachia imani ya kudumu kuwa shtaka ni la kweli, na kwamba si lazima uondoe kila shaka, kwa maana kila jambo la maisha linaweza kutiliwa shaka ya kuwazika. England wamefupisha: je, mna hakika? Sisi tunasema "bila kuacha shaka", na wengi husahau kuongeza "ya msingi". Naona neno la England lina faida kwetu, kwa kuwa Kiswahili kinalo tayari. Mtu yeyote anajua tofauti ya kudhani, kuamini na kuwa na hakika, na hahitaji mwanasheria kumfafanulia.

Karatasi ya hakimu katika kesi ya Neema

Ile karatasi ya maswali ya England ndiyo chombo ninachopendekeza tukichukue kwa umbo lake, na tukijaze kwa sheria yetu. Hakimu aiandike mapema, baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, si usiku wa kuandika hukumu. Kwa kesi ya Neema ingekuwa hivi. Je, nina hakika alikuwa na miaka 9 wakati huo, na ni ushahidi upi unaonionyesha? Je, ahadi yake ya kusema kweli imeandikwa kwa maneno yake? Je, nina hakika kwamba tendo lililotajwa kwenye hati lilitendeka angalau mara moja katika kipindi kilichotajwa? Je, nina hakika kwamba aliyelitenda ni mshtakiwa? Kimya chake kinaelezekaje kwa mtoto huyu, na kimemnyima mshtakiwa nini? Ni jambo gani katika maelezo yake, mbali na sauti na uso wake, linalonifanya nimwamini au nisimwamini?

Akifika kwenye swali hilo la mwisho akiwa na kesi bado mkononi, ataona kwamba Neema ameifunga kumbukumbu yake yote kwenye zamu za usiku za mama yake, na kwamba mahali mama anapofanya kazi pana daftari la zamu. Hakuna aliyelileta, si Jamhuri wala utetezi. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, kifungu cha 150 kwa Kenya na kile kilichokuwa cha 195 kwa Tanzania, inampa hakimu uwezo wa kumwita shahidi anayehitajika kwa uamuzi wa haki. Anaweza kuamuru daftari hilo liletwe, na mawakili wa pande zote walihoji. Huenda likaonyesha kwamba mama alikuwa kazini usiku katika miezi ileile ambayo mjomba alikuwa akilala nyumbani kwao. Huenda pia likaonyesha kwamba mama hakuwa na zamu hata moja.